Ludwig Breakbeats kwa shoo za mikoani: inapofaa na pa kuiacha nyumbani

Mpiga dramu wa Dar anayeitwa Morogoro Ijumaa na Dodoma Jumamosi huanza kuipima seti kwenye buti la basi. Utingo akiipokea bila kudai nauli ya mtu wa pili, hapo ndipo tuzungumze sauti. Ludwig Breakbeats, seti ndogo ya dramu iliyotoka mwaka 2013 kwa ushirikiano na Questlove, mpiga dramu wa The Roots, kundi la hip-hop la Marekani, inaufaulu mtihani wa buti kwa urahisi. Mtihani wa sauti inaufaulu nusu.

Vipimo vyake: besidramu (ngoma kubwa ya kupigwa kwa mguu) ina kipenyo cha inchi 16 na kina cha 14, tomu ya juu (ngoma ndogo inayokaa juu ya besidramu) 10 kwa 7, tomu ya chini 13 kwa 13, snea (ngoma ya sauti kali yenye nyaya chini) 14 kwa 5. Mizinga, yaani miili ya ngoma, ni ya mbao ngumu yenye tabaka 7. Linganisha na seti za kawaida zilizojaa kwenye baa na makanisani, ambazo besidramu yake ni inchi 22. Stendi, pedali, kiti na matoazi havimo kwenye boksi. Ni vya kununua kando, na ndivyo vizito kuliko ngoma zenyewe. Anayetaka kupunguza uzito atazame seti ya stendi za alumini kama Yamaha Crosstown: stendi mbili za matoazi, ya snea na ya haihati (matoazi mawili yanayofungwa kwa pedali), zote pamoja chini ya kilo 8. Stendi nyepesi kwenye jukwaa la mbao zilizopinda huweza kucheza. Zulia zito hupunguza tatizo.

Mifuko inayokuja na seti ni ya kitambaa, imebuniwa ivalishwe juu ya ngoma kupunguza kelele wakati wa mazoezi. Kwa hilo inafaa sana, hasa kwenye gesti. Kwa safari haitoshi. Zungushia kila ngoma blanketi kabla ya kuiingiza, toa miguu ya tomu ya chini na kishikio cha tomu ya juu, uvifunge kwenye mfuko wa stendi. Vikiachwa, chuma hutoboa ngozi basi likiruka tuta. Kabla ya kufungua miguu, izungushie tepu pale inapoishia kwenye vishikio, ukifika usianze kutafuta urefu upya. Na mwambie utingo mapema kwamba ngoma zikae juu ya magunia. Akikubali kwa mdomo, simama hapo hapo uone anavyopanga.

Kuna jambo moja zuri ambalo wauzaji hawalitaji, nalo ni upatikanaji wa ngozi. Seti nyingi za kawaida zina ngoma za inchi 22, 12, 13 na 16, na snea ya 14. Maana yake besidramu ya Breakbeats inakubali ngozi ya tomu kubwa ya chini ya seti ya kawaida, tomu ya 13 inachukua ngozi ya tomu ya pili, na snea ndiyo ile ile. Ngozi ikipasuka Iringa saa kumi jioni, mwenzako yeyote mwenye seti ya kawaida anaweza kukuazima. Inayobaki yatima ni ya inchi 10. Hiyo nunua ya akiba mbili, uzibebe kwenye mfuko wa matoazi.

Sasa sauti. Snea ni kali na inatosha kwa chemko, sehemu ya wimbo ya kucheza kwa kasi. Tatizo ni besidramu. Inchi 16 haiwezi kusukuma hewa kama 22, na kipigio cha pedali kisipotua katikati ya ngozi, sauti inakuwa nyembamba zaidi. Ndiyo maana seti inakuja na chuma cha kuinyanyua besidramu. Usikiache nyumbani ili kuokoa uzito. Kaza ngozi ya kupigwa kwa vidole, kisha kwa ufunguo mpaka mikunjo iishe, ongeza robo mzunguko kwa kila skrubu na uishie hapo. Ngozi ya mbele ikazwe zaidi kidogo, sauti yake iwe juu. Taulo dogo ndani liguse ngozi ya kupigwa tu. Ukijaza nguo ndani, hata sauti kidogo iliyokuwepo inakufa. Kisha zungumza na fundi mitambo. Mwombe maiki ya besidramu, apandishe kati ya hezi 60 na 80, apunguze eneo la 300 hadi 400 linalotoa sauti ya boksi. Kama ukumbi hauna spika za besi, hezi 60 hazitasikika. Apandishe karibu na 100.

Pasipo maiki ya besidramu, kwenye baa ya wazi yenye watu mia mbili na wanenguaji jukwaani, seti hii haifai. Watu watasikia snea na haihati tu, na mpiga gitaa la besi atajikuta anafanya kazi ya watu wawili.

Kwenye bendi yenye tumba kuna ugomvi mwingine, wa kimyakimya. Tumba za kawaida zina kipenyo cha karibu inchi 12, kwa hiyo tomu ya 13 ikikazwa sana inaingia kwenye sauti zile zile, na mpiga tumba ataanza kupiga kwa nguvu bila kusema kwa nini. Mwache yeye atangulie kutyuni. Kisha shusha tomu ya 13 hadi iwe chini ya tumba kubwa, na ya 10 ipandishe juu ya tumba ndogo. Kumbuka pia kwamba tumba ya ngozi ya mnyama iliyotyuniwa kwenye unyevu wa Dar hukaza ikifika ukavu wa Dodoma, wakati ngozi zako za plastiki hulegea kwa joto la buti. Shusheni mizigo, iwekeni kivulini nusu saa, ndipo mtyuni.

Kwa mji ambao una rafiki mwenye seti nzuri ya 22, ushauri wetu ni uiache Breakbeats. Beba snea, pedali, matoazi, klachi ya haihati (kibano cha toazi la juu), ufunguo na fimbo. Ila uliza kabla, na ulize kwa vipimo: kiti kipo na hakizunguki ovyo? Skrubu zote za besidramu zipo? Stendi za matoazi ni ngapi, na zina sponji na mipira? Jibu la "kila kitu kipo, njoo tu" halitoshi. Omba picha iliyopigwa kwa nyuma, kutoka upande wa kiti. Ukishaikalia seti ya mtu, usiguse tyuni za tomu bila ruhusa, ukipasua ngozi lipa kabla ya kugawana posho, na akija Dar seti yako iwe tayari kwa masharti hayo hayo.