Kutegana kwa sarafu za kale: uzoefu wangu wa jioni nne London

Kabla sijaenda nilitafuta maelezo kwa Kiswahili kuhusu mchezo wa kutambua sarafu za kale, nisipate hata mstari mmoja. Sasa nimehudhuria mara 4, acha niandike mimi.

Ni kikundi cha wakusanyaji wa sarafu za kale hapa London. Wanakutana jioni moja kila mwezi, chumba cha juu cha mgahawa mdogo, watu 10 hadi 15. Kiingilio pauni 6, mtoto nusu yake, na chai imo humo humo. Mtu analeta sarafu, hasemi ni ya nani, na wenzake wanabahatisha: ni ya mtawala gani, ilifuliwa (yaani ilitengenezwa) mji gani, zama zipi. Zawadi ya pesa hakuna. Anayeongoza kwa pointi ndiye atakayefungua mchezo mwezi unaofuata.

Mimi ni mgeni katika mambo haya. Nina sarafu 6 tu, zote za shaba za Kirumi za bei ndogo. Nilikwenda na binti yangu wa miaka 12, nikiogopa kidogo kwamba tutakaa kama mabubu katikati ya wajuzi. Haikuwa hivyo, na sababu kubwa ni duru ya kwanza.

Duru ya kwanza ni ya mfuko. Sarafu inatiwa ndani ya mfuko wa kitambaa, ya shaba iliyokwisha sugika, ambayo vidole haviwezi kuiharibu zaidi. Unaingiza mkono, unapapasa, unasema unachohisi. Hapo mtu mwenye vitabu 40 nyumbani hana faida kubwa juu yako. Jioni yangu ya kwanza niligusa kitu kinene, kizito, gramu 40 na ushei, chenye kishimo katikati. Nikasema imeharibika, mtu alitaka kuitoboa akaacha. Mzee mwenyeji akaitoa mfukoni, akageuza upande wa pili, na huko nako kishimo kipo, katikati vile vile. Ni alama ya mafundi wenyewe, na sarafu nyingi za shaba za akina Ptolemaio wa Misri, ukoo wa Kleopatra, zinayo. Upande mmoja kichwa cha Zeu, mungu wa Kigiriki, upande wa pili tai amesimama juu ya radi. Tangu siku hiyo nikiiona popote, hata kwenye picha mbaya, naitambua kwa kile kishimo. Kitabu kingenieleza jambo hilo nikalisahau kesho yake.

Duru ya pili unaiona sarafu kwa dakika moja, kisha unaruhusiwa maswali matano ya ndiyo au hapana. Hapa ndipo mara yangu ya pili nilipowaeleza jinsi tunavyotegana vitendawili kwetu Tanga. Mtegaji anasema “Kitendawili!”, watu wanaitika “Tega!”, na wakishindwa wanaambiwa “Nipe mji.” Hupati jibu bure, lazima utoe mji kwanza. Walinyamaza, halafu mama mmoja akasema hii imetengenezwa kwa ajili yetu, maana sarafu ya Kirumi ya karne ya 4 mara nyingi huandikwa mji wake chini ya picha, kwa herufi chache: TR ni Trier, ANT ni Antiokia, ALE ni Aleksandria, SIS ni Siscia, CONS ni Konstantinopoli. Basi ikawa kanuni. Ukishindwa, unatoa mji uliokuwa ukifua sarafu, na mji uliokwisha kutolewa jioni ile haurudiwi. Binti yangu ameijifunza miji yote hiyo kwa kushindwa. Siku moja garini aliniuliza ghafla, “Mama, hivi Antiokia ni ile ya kwenye Matendo ya Mitume?” Ni hiyo hiyo.

Duru ya tatu ni ya picha, na hii ndiyo iliyonigusa zaidi. Jioni yangu ya tatu mwenyeji alionyesha picha ya sarafu ndogo ya shaba yenye maandishi ya Kiarabu pande zote mbili, wala haina kichwa cha mtu. Wengine wakataja Misri, wengine Yemen. Mimi nikaisoma: Ali bin al-Hasan. Moyo ulinidunda. Ni ya Kilwa. Akaniomba nisome na upande wa pili: yathiqu bi-mawla al-minan, yaani anamtegemea Mola mwenye fadhila. Nikawaeleza wasikilize mwisho wa kila upande, Hasan, minan. Ni vina. Sultani wa Kilwa aliifua shaba yake kwa vina, uso na mgongo ukawa kama ubeti. Nimezaliwa pwani, nimesikia mashairi tangu utotoni, na sikuwahi kujua kwamba watu walikuwa wakiyabeba mfukoni kwenda nayo sokoni.

Kisha akaleta picha ya pili: sarafu tano za Kilwa zilizochakaa. Swali, ziliokotwa wapi? Nilijibu Great Zimbabwe, kwa kuwa nilijua kuna sarafu ya Kilwa iliyopatikana kule. Nikakosa. Ziliokotwa mwaka 1944 ufukweni mwa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na askari aliyeitwa Maurie Isenberg, zikiwa pamoja na sarafu nne za Kiholanzi. Alikaa nazo hadi mwaka 1979 ndipo akazipeleka kwa wataalamu. Namna zilivyofika kule bado inabishaniwa, nasi tulibishana hadi mhudumu akaanza kuinua viti. Mji nilioutoa ulikuwa Kilwa. Waliukubali.

Yapo yasiyonipendeza. Taa ya chumba ni ya manjano na hafifu. Shaba na fedha iliyoingia weusi vinafanana chini yake, na kwa mchezo wa kutazama hilo ni kosa kubwa. Siku hizi nabeba taa yangu ndogo. Jioni ya pili mtu mmoja alikuwa akipiga picha kwa simu chini ya meza na kuitafuta kwenye intaneti. Sasa simu zote zinawekwa kikapuni mlangoni, na mchezo umepona. Halafu Roma imezidi. Nilihesabu, katika sarafu 24 za jioni zangu tatu za mwanzo, 17 zilikuwa za Kirumi. Nilimwambia mwenyeji waziwazi, akasikia, na mwezi uliofuata akaleta ya Aksum, ufalme wa kale wa Ethiopia, shaba ndogo kuliko kucha ya kidole gumba, katikati yake msalaba wenye dhahabu iliyopachikwa, na kuzunguka ukingo maneno ya Kigiriki: hili na liipendeze nchi. Mfalme Ezana alipoingia Ukristo katika karne ya 4 aliondoa alama ya mwezi kwenye sarafu zake akaweka msalaba. Ningependa dakika kumi zaidi juu ya sarafu ile, lakini maelezo baada ya jibu siku zote wanayaharakisha. Hilo pia nimewaambia.

Jambo moja ninalowaheshimu nalo: sarafu isiyojulikana ilikotoka haichezwi. Lazima useme uliinunua wapi na karatasi ipo. Vitu vingi vya kale vimechimbwa usiku na kuvushwa mipaka, na sisi wa pwani tunajua maumivu ya kuona vya kwetu kwa watu. Ndiyo maana ile ya Kilwa ilikuja kwa picha tu, nami nilifurahi iwe hivyo.

Je, uende? Kama unapenda kushinda haraka, utachoka. Kama una mtoto anayeuliza maswali mengi, mpeleke. Jioni ya nne ilipita sarafu nyembamba ya Gallienus, mtawala wa Kirumi aliyeuawa mwaka 268, amevaa taji la miale. Nyuma yake kuna mnyama. Watu wazima wakasema mbuzi, wakasema kulungu. Binti akaisogeza kwenye taa yangu, akatazama pembe. “Mama, huyu swala.” Ndiye, ni mnyama wa mungu wa kike Diana, kwenye mfululizo wa sarafu za wanyama ambazo Gallienus alizitoa Roma mwishoni mwa utawala wake. Pointi hizo ndizo zilizompa ushindi.

Kwa hiyo mwezi ujao ni yeye anayefungua. Ameshachagua katika zile zetu 6: ya Konstantino, nyuma mungu wa jua amesimama ameinua mkono, chini herufi PLN. Ilifuliwa hapa hapa London, kabla nyumba yake ya kufulia sarafu haijafungwa mwaka 325. Anasema wataanza na miji ya mbali.