Mtu akikujia juu: umtulize au uondoke?

Mombasa, iwe stejini Mwembe Tayari au kwenye foleni ya feri Likoni, swali ni lile lile: mtu akikuwakia, usimame umtulize au ujiondokee?

Kwanza usome mwili wake. Anayepiga kelele na kupunga mikono mara nyingi anataka kusikilizwa. Mimi humhofia zaidi yule aliyenyamaza ghafla: taya limekaza, ngumi imefumbwa, mguu mmoja umerudi nyuma, jicho linatupwa pembeni kuangalia nani anaona.

Kwa usalama, kuondoka kunashinda, mradi usimpe mgongo. Rudi kinyumenyume hatua mbili tatu huku ukiitazama mikono yake, kisha shika njia ya kwenye watu. Ukibaki kumtuliza, muache umbali wa zaidi ya urefu wa mkono, simama upande kidogo, viganja wazi usawa wa kifua. Unaonekana mpole na bado unaweza kujikinga.

Kwa ujirani, kutuliza kunashinda kwa mbali. Kongowea nilimwona kondakta akidaiwa chenji na mama aliyefura kwa hasira. Akashuka mlangoni ili asimtazame kwa juu, akamwambia polepole, "Pole mamangu, njoo tuhesabu pamoja." Mabega ya yule mama yalishuka kabla hata pesa hazijatoka. Na kesho yake wangekutana palepale.

Basi akiwa jirani au mteja, na bado yuko kwenye kelele tu, baki. Akiwa humjui, amelewa, au wewe umeshika mtoto mkono, nenda, hata wakikuita mwoga.