Pete zetu za ndoa kutoka kwa sonara wa Lamu: uzoefu wangu

Sonara tuliyempa kazi ya pete zetu aliyakataa mambo yote mawili niliyokwenda nayo. Ndiyo sababu kubwa ya kumsifu hapa.

Wasioijua Lamu niwaeleze kidogo. Masonara wa huko, kwenye Usita wa Mui, njia kuu ya mji, na vichochoro vyake, huchukua kigae cha sahani kuukuu ya kauri, aghalabu ya Kichina yenye maua ya buluu, wakakisugua mpaka kipate umbo, kisha wakakizungushia ukingo wa fedha kikawa kito cha pete. Sahani hizo zilikuja na biashara ya Bahari Hindi. Watu walizipanga kwenye zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, vya nyumba zao, nyingine zikabandikwa hata kwenye makaburi ya nguzo. Hakuna vigae viwili vinavyofanana, na mimi nilikuwa nimechoshwa na maduka ya Mombasa ambako unaonyeshwa trei ya pete zilizotoka kiwandani na kuambiwa uchague namba ya kidole.

Basi nikataka pete mbili, yangu na ya mume wangu, zenye vipande vya sahani moja. Mzee akaushika mkono wa mwenzangu, ambaye ni fundi wa mashine za boti, akaugeuzageuza. "Mkono huu utakivunja kabla ya Idi," akasema. Kauri haichubuki ovyo, lakini ukiigonga kwenye chuma inapasuka. Akapendekeza pete nzito ya fedha tupu, na juu yake achore waridi kama zile za miimo ya milango ya Lamu. Dhahabu haikuwa na nafasi kwa upande wa mume wangu; mwanamume wa Kiislamu haivai.

La pili lilikuwa furungu la bibi yangu, pambo la kuvaa mguuni. Niliona itapendeza tuliyeyushe, pete zetu zitoke humo. Akalisugua kwenye jiwe lake jeusi, akadondosha dawa, akatazama rangi. Si fedha ya 925, akasema, yaani ile yenye asilimia 92.5 ya fedha na shaba kidogo ya kuipa ugumu. Mapambo mengi ya kale ya pwani yalifuliwa kutokana na sarafu za riale za Maria Theresa, zile zenye mwaka 1780, ambazo fedha yake ni kama asilimia 83. Angeweza kuisafisha, lakini hakutaka. "Fedha ninayo, mwanangu. Furungu kama hili sina." Nimerudi nalo nyumbani, na mama alipumua kweli kweli.

Kuchagua kigae cha pete yangu ndiko kulikonipendeza kuliko yote. Alinimwagia vipande kwenye kitambaa, nikavijaribu kimoja kimoja juu ya kidole. Niliacha ua zima lililokamilika, nikachukua kipande ambacho brashi ya mchoraji iliteleza na wino ukatawanyika pembeni. Nilimuuliza vimetoka wapi, akasema ni vya sahani zilizovunjika majumbani. Nanyi ulizeni. Magofu kama ya Takwa yanalindwa kisheria na kuokota vitu humo ni kosa. Muuzaji anayejisifu kwamba kigae chake kimetoka huko, mwacheni.

Kazi yenyewe hufanyika mbele ya macho yako ukitaka. Fedha huyeyushwa, humwagwa iwe kipande kirefu, hugongwa, hurudishwa motoni ilainike, hugongwa tena. Lehemu yote humalizika kabla kauri haijawekwa, kwa kuwa moto ungeiharibu. Mwisho kigae hukaa na ukingo hukunjwa juu yake taratibu, bila moto. Kwa hiyo pete ya namna hii si rahisi kuipanua baadaye: lazima kigae kitolewe kwanza. Pimeni kidole wakati wa joto, alasiri, kikiwa kimevimba kidogo, na hakikisheni pete inapita kifundo.

Sasa lawama. Alichelewa. Kila nikipiga simu ni kesho, na kesho yake ni kesho, mpaka shemeji yangu akaenda kukaa kibarazani pake ndipo pete zikaisha. Arusi ilikuwa imekaribia mno kwa afya yangu. Pia upande wa ndani wa pete yangu ulikuwa na ncha inayokwaruza. Aliipiga msasa papo hapo bila kudai kitu, lakini angeiona mwenyewe. Tena hana mazoea ya risiti. Mwambieni apime mbele yenu, aandike uzito na asilimia ya fedha iliyomo, na bei ya ufundi iandikwe kando na bei ya gramu.

Kwa pesa tulizolipa, hata jozi nyembamba ya dhahabu ya karati 9 dukani tusingeipata. Pete ya mume wangu imeshapata mikwaruzo, fedha ni laini, naye hajali. Inasuguliwa na kung'aa upya. Yangu naivua nikifua, maana dawa ya madoa ya Jik huifanya nyeusi siku hiyo hiyo. Ukiwa na arusi ya haraka, usiende kwake. Ukiwa na miezi kadhaa mbele yako na mtu wa Lamu wa kukukumbushia, nenda.