Kalamu ya wino inakwaruza na wino unakatakata? Nunua vitu kwa mpangilio huu

Kitu cha kwanza watu wengi wanachonunua kalamu yao ya wino ikianza kukwaruza ni msasa, na ndo maana nibu nyingi, yaani ile ncha ya chuma inayoandika, zinakufa kabla ya wakati wake. Nasema hivi kwa uchungu maana na mi nilifanya hivohivo, nilichukua msasa wa kawaida tu, ule wa mbao, nikasugua nibu nikiwa naangalia video, baada ya dakika mbili ile punje ngumu ya kwenye ncha ikawa bapa upande mmoja na kalamu ikawa inaandika kama msumari. Ile punje ni aloi ngumu sana imechomelewa pale mbele, ukiimaliza haioti tena.

Kwa hiyo huu mpangilio wangu nimeupanga kwa swali moja tu: ukikosea na hiki kitu, hasara ni kiasi gani? Visivyoharibu viko juu, vinavyokula chuma viko chini.

Namba moja, lenzi ya kukuzia ya mara 10, zile ndogo za kukunja wanazotumia mafundi saa na sonara. Najua hairekebishi chochote, lakini bila hiyo unabahatisha tu. Nibu ina meno mawili na mpasuo katikati, sasa ishike kalamu ncha ikitazama jicho lako moja kwa moja kisha angalia meno yamekaa usawa au moja liko juu ya lenzake. Kwa kalamu nilizoshika mi, kukwaruza kwingi ni hapo, jino moja limeshuka, basi, na kutengeneza kwake ni bure kabisa: unalisukuma taratibu lile la chini kwenda juu kwa kucha, unaachia, unaangalia tena, unarudia mpaka yalingane. Hata kabla ya lenzi unaweza kuonja mwenyewe, chora mistari kwenda kulia, kushoto, juu, chini, bila kukandamiza. Ikikwaruza upande mmoja tu ujue ni meno, ikikwaruza pande zote hapo ndo uanze kufikiria nibu yenyewe haina ulaini, au ni kavu, au karatasi yako ni ile ya nyuzinyuzi ambayo ingekwaruza hata kalamu nzima.

Na hili la ukavu watu wanalisahau. Wino ndio mafuta ya kalamu, usipofika kwenye ncha ya kutosha basi chuma kinasugua karatasi pakavu, utalaumu nibu kumbe shida iko nyuma. Ndio maana namba mbili ni kifaa cha kusafishia, na wala sio kitu cha ajabu: ile pampu ndogo ya mpira ya kunyonyea makamasi ya mtoto, au bomba la sindano lisilo na sindano. Unachomoa konveta, yaani kile kitangi kidogo cha kunyonyea wino ndani ya kalamu, unaweka mdomo wa pampu nyuma ya kile kipande cha mbele, unapitisha maji baridi au ya uvuguvugu mpaka yatoke meupe. Maji ya moto hapana, plastiki inapinda. Chini ya nibu kuna fidi, kile kiplastiki cheusi chenye mifereji myembamba, na kazi yake ni mbili kwa wakati mmoja, wino unashuka huku hewa inapanda kwenda kujaza nafasi ya wino ulioshuka, sasa mifereji ikiziba na wino mkavu, hewa haipandi na wino nao unagoma kushuka. Hata kalamu mpya kabisa ipitishie maji yenye tone moja la sabuni ya vyombo kisha suuza vizuri, mara nyingi inakuwa na mabaki ya mafuta ya kiwandani ambayo yanausukuma wino. Kwa wino sugu kuna dawa ya kusafishia kalamu inayouzwa tayari, kazi yake kubwa inafanywa na amonia kidogo kwenye maji, ila spiriti na asetoni usiguse kabisa, hizo zinayeyusha baadhi ya plastiki. Kalamu ya zamani yenye mwili wa raba ngumu usiiloweke, inapauka rangi.

Namba tatu, wino mwingine. Hapa ndo utaona maajabu kwa jasho dogo. Wino hazifanani, kuna zinazotiririka na kuna kavu, Pelikan 4001 inajulikana kwa ukavu, na ni nzuri tu kama kalamu yako inamwaga sana, lakini kama yako inakatakata jaribu Waterman Serenity Blue au moja ya zile Pilot Iroshizuku uone tofauti kabla hujagusa kitu kingine chochote. Aisee kuna kalamu niliihangaikia wiki nzima, kumbe ilikuwa inataka wino tu. Angalia pia usinunue wino wa kuchorea, ule wa India, una gundi ndani yake, ukikaukia kwenye fidi ndo umeagana na kalamu.

Konveta naiweka hapohapo karibu, namba nne. Dalili yake ni hii, kalamu inaandika vizuri nusu ukurasa halafu inakauka, ukiifungua unakuta wino upo ila umeng'ang'ania nyuma ya konveta hautaki kuja mbele. Igonge kidogo kwa kidole, ukishuka na kalamu ikaandika basi umepata mwizi. Pilot CON-40 inakuja na vigololi vya chuma ndani kwa ajili ya hiyohiyo shida. Ila kabla ya kulipa hakikisha inaingia kwenye kalamu yako, maana Lamy, Parker, Pilot kila mmoja ana ya kwake na zile za kawaida za kimataifa haziingii humo.

Namba tano ni kikaratasi cha shaba cha unene wa milimita 0.05 hivi, yaani chembamba kuliko karatasi ya kuandikia. Hiki ni cha wale ambao wamesafisha, wamebadilisha wino, na bado unatoka kwa kubembelezwa. Inua nibu kwenye mwanga uangalie mpasuo: unatakiwa uone uzi wa mwanga unaozidi kuwa mwembamba kuelekea kwenye ncha. Usipoona mwanga kabisa, meno yamebanana, pitisha kile kikaratasi katikati polepole mara kadhaa, kinasafisha na kufungua kidogo. Ukiona kinyume chake, mpasuo umeachama kwenye ncha, weka chini hicho kikaratasi kwa sababu utaongeza ubaya, wino unavutwa na wembamba wa ule ufa na ukipanuka mbele wino unaishia njiani.

Nibu mpya ni namba sita, na kwa kalamu za bei ya chini naweza kuipandisha hata juu zaidi. Lamy Safari kwa mfano nibu inatoka kwa kuibandika utepe wa gundi na kuivuta mbele, unasukuma nyingine, umemaliza kabla chai haijapoa. Kwa Pilot Metropolitan nibu ya Kakuno, kalamu nyingine ya Pilot, inaingia. Ila kama una kitu kama Parker 51, ile ambayo nibu imefichwa ndani ya ganda la mbele, usifungue, mpe fundi.

Saba, mwisho kabisa, ndo vitu vya kusugulia. Tafuta pedi laini ya kung'arishia ya Micro-Mesh, ile ya namba 12000 au filamu ya kung'arishia ya maikroni 1 na 0.3, sio msasa wa dukani jamani. Kalamu iwe na wino ndani, chora namba nane bila kukandamiza, kama kumi tu, futa, jaribu kwenye karatasi, angalia na lenzi. Kuna hali moja ambayo hivi ndo dawa halisi, pale kiwanda kimeng'arisha ncha kupita kiasi mpaka kingo za ndani za mpasuo zimezunguka kama makalio ya mtoto mchanga, wino uko pale ndani lakini haugusi karatasi, na kila ukianza neno herufi ya kwanza inapotea. Hapo kusafisha hakusaidii wala wino wa kutiririka hausaidii sana. Lakini kama nibu ni ya dhahabu na kalamu bado ina waranti, usisugue hata mara moja, irudishe.

Zile mashine za kusafishia kwa mtetemo sijazipa namba, zinafanya kazi ila ni kwa mtu mwenye kalamu ishirini, wewe mwenye moja au mbili pampu ya makamasi inatosha, hakikisha tu sio ile inayotumika kwa mtoto.