Hedifoni ya Sony WH-1000XM4 au XM5: ipi ya kupanda nayo basi la Dodoma–Dar?

Kwa msafiri wa mara kwa mara, tungechukua XM4 ya mwaka 2020 kuliko XM5 ya 2022. Sababu kubwa ni bawaba: XM4 hukunjika ikaingia kwenye mkoba mdogo, XM5 haikunjiki. Chaji ni ileile, takriban saa 30 kizuia kelele kikiwa kimewashwa. Ikiisha, zote mbili hupokea waya wa milimita 3.5.

Usitarajie ukimya kamili. Maikrofoni hunasa kelele, kisha spika hutoa wimbi lililo kinyume chake. Njia hiyo huumeza vizuri mngurumo wa injini au feni kwa kuwa haubadilikibadiliki. Mazungumzo, honi na kilio cha mtoto hubadilika upesi, hivyo hupenya. Hapo XM5 ina nafuu kidogo.

Kabla ya kulipa, zijaribu ukiwa na miwani au ushungi wako. Mwanya mdogo tu kwenye mto wa sikio huingiza mngurumo, na hedifoni nzima ikaonekana mbovu. Upepo wa Dodoma nao hupiga maikrofoni ukaleta mvumo masikioni. Ukitembea nje, zima kizuia kelele. Jasho na vumbi huchakaza mito, basi ifute kwa kitambaa kikavu kila ukifika.