Rimu pana za Altezza: pima tundu la katikati kabla hujatoa hela

Wiki hii tu watu wanne wameniuliza kitu kilekile, "dada nimefunga rimu za 17 pana, gari ikifika 80 usukani unatetemeka, balansi nimeshafanya mara tatu, shida nini?" Shida naijua jamani, ilinila hela karibu mwaka mzima, na inaniuma kuona mafundi bado wanawazungusha watu na balansi.

Gari yangu ni Toyota Altezza RS200 ya 1999, ile yenye injini ya BEAMS. Ilikuja na rimu za kiwandani za inchi 17, upana 7J (yaani inchi 7), ET50 (ET ni umbali wa milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi pale inapobanwa kwenye gari; ikiwa ndogo rimu inatoka nje zaidi), tairi 215/45. Gari nzuri sana ila huku Mbeya barabara ya Uyole kwenda Tukuyu ikinyesha, zile kona za Rungwe, nilikuwa natamani ikamate zaidi, na kusema ukweli nilitamani pia ijaze fenda. Nikaenda Mwanjelwa nikanunua seti ya 17 yenye upana wa 8J kwa laki tisa na nusu. Muuzaji akaniambia "tundu tano, 114, inaingia dada." Yaani matundu matano ya nati kwenye duara la milimita 114.3. Na kweli iliingia. Nikatoka pale na furaha, nikafika Igawa usukani unacheza kama nimeshika mashine ya kusaga.

Balansi ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila sehemu nalipa. Wengine wakasema alaimenti, nikafanya. Mwingine akanibadilishia tairodi ambayo haikuwa na shida yoyote. Mpaka mzee mmoja fundi pale Uyole akavua tairi, akachukua kalipa, kile kifaa cha kupimia kipenyo, akapima tundu kubwa la katikati la rimu, 73. Akapima habu ya gari, kile kitovu rimu inapovalishwa, 60. Akaniangalia akasema "mwanangu, hii rimu imekaa hewani."

Hapo ndipo nataka usome taratibu. Toyota nyingi za kati, pamoja na Altezza, habu yake ina kipenyo cha milimita 60.1. Rimu ya Toyota ina tundu la kiasi hichohicho, kwa hiyo ukiivalisha inakaa kwenye habu barabara, inajiweka katikati yenyewe, nati kazi yake ni kubana tu. Rimu za kununua nje, zisizo za kiwanda cha gari, zinatengenezwa ziingie gari nyingi, tundu lake mara nyingi ni 73.1, hiyo ni nafasi ya milimita 13, sita na nusu kila upande. Sasa rimu inategemea nati peke yake ijiweke katikati, na fundi wetu anashusha gari chini kabisa ndo anaanza kukaza na mashine, uzito wote wa gari umeshaivuta rimu upande mmoja, anakaza hivyohivyo. Ikipotoka hata nusu milimita utaisikia kuanzia 80. Na mashine ya balansi haiwezi kuona hilo kabisa, maana kule rimu inashikwa katikati na koni ya mashine, sio na habu ya gari yako. Itakwambia sifuri sifuri, unalipa, unaondoka, gari inatetemeka.

Dawa yake ni pete ya kujaza ile nafasi, nje 73.1 ndani 60.1. Kitu kidogo hicho. Ila usichukue ya plastiki kama unaishi huku kwetu kwenye milima. Mi nilianza na za plastiki, nikasafiri kwenda Dar, kushuka Kitonga nyuma ya malori breki zikapata moto vizuri, nilipokuja kuvua tairi za mbele pete moja ilikuwa imelainika imeganda kwenye habu, tukaikwangua na bisibisi. Nikaenda kwa fundi wa lethi maeneo ya SIDO akanichongea nne za aluminiamu. Paka grisi kidogo sana zisigande na kutu, basi. Kutetemeka kumeisha siku ileile.

Haya, sasa ununue nini. Rangi na muundo siongelei, kila mtu ana macho yake.

Namba moja kwangu ni Enkei, na sifichi, mi ni mtu wa Enkei. Ni Wajapani wa Hamamatsu, wapo tangu 1950, na hata McLaren wa Formula 1 wamefanya nao kazi. Ile RPF1 ya 17, upana 8J, ET35 ina kilo saba na kitu tu, nyanyua hiyo mkono mmoja na ya kiwandani mkono mwingine utanielewa. Wepesi huo unausikia kwenye matuta na kwenye kona, gari haibebi chuma cha bure. Hesabu yake kwenye Altezza iko hivi: ukitoka 7J ET50 kwenda 8J ET35, ukingo wa nje unatoka kama milimita 28, wa ndani unakaa mbali na shokapu kwa milimita 2 zaidi ya mwanzo. Yangu haijashushwa na haigusi popote. Ukishusha gari, nyuma itabidi ukunje mdomo wa fenda. Tundu lake nalo ni kubwa, kwa hiyo pete za aluminiamu ni lazima, hapo hata Enkei simtetei. Geuza rimu uangalie nyuma: jina, ukubwa, ET na alama za JWL na VIA (za viwango vya rimu vya Japani), viwe vimechorwa kwenye chuma chenyewe. Kama ni stika tu, rudisha.

Namba mbili ni rimu za Toyota wenyewe, za Mark X au Lexus IS, za mtumba kutoka Japan. Tundu 60.1, hakuna pete, hakuna kutetemeka, na ni ngumu kweli. Kwa mtu anayepiga safari za Tunduma kila wiki ningemwambia chukua hizi. Zinakosa namba moja kwa sababu ET yake mara nyingi ni kubwa, 45 mpaka 50, kwa hiyo sehemu kubwa zaidi ya upana unaoongeza inaingia ndani kuelekea shokapu kuliko kwenye ET35. 8J yenye ET50 inakula milimita karibu 13 upande wa ndani, pima kwanza. Nyingine ni za 18, na kwa mashimo yetu 18 mi siitaki, ukuta wa tairi unakuwa mwembamba shimo moja tu rimu imepinda.

Namba tatu, RAYS. Nzuri sana, labda kuliko zote, ila bei yake unaweza kununulia gari nyingine ya pili.

Kopi za bei rahisi zisizo na alama yoyote, hapana. Na spesa, vile vibati vya kuchomeka tu kati ya habu na rimu ili kuitoa nje, hapana kabisa, zinakula nyuzi za stadi (bolti za habu) na zinaiondoa rimu kwenye habu, yani unanunua tatizo langu kwa hela yako mwenyewe.

Tairi, weka 225/45R17. Urefu wake ni milimita 634 na ya kiwandani 625, tofauti ni asilimia moja na nusu tu, spidi mita haidanganyi sana na ukuta unaongezeka kidogo, unafaa kwa matuta. 235/45 inakuwa kubwa mno, 235/40 inakuwa fupi. Soma zile tarakimu nne za mwisho za DOT, namba iliyo ubavuni mwa tairi, 2319 maana yake wiki ya 23 mwaka 2019. Hapa ndo wauzaji wetu wananikera mpaka basi. Tairi la miaka kumi limepakwa dawa linang'aa, limepangwa mlangoni, unaambiwa ni jipya halijawahi kutembea. Kutotembea sio upya! Mpira umeshakauka, na asubuhi za Juni za Mbeya zilivyo na baridi, lami ina umande, hilo tairi linateleza kama sabuni. Ukiuliza ET muuzaji anakasirika, "we unataka rimu au unataka mtihani?" Mi nilishawahi kuuliza mtu akamjibu kaka yangu niliyeenda naye, wakati hela iko mkononi mwangu na kaka hata gari hana. Halafu bei, rimu ileile uliyoiona Dar huku imeongezeka laki mbili, ukiuliza unaambiwa usafiri. Seti moja ya rimu inalipa nauli ya abiria wangapi jamani? Na hata kwa hiyo laki mbili hakuna anayekuambia unahitaji pete.

Kwa hiyo nenda na vitu vyako. Andika kwenye simu: tundu tano 114.3, katikati 60.1, ET35 mpaka 40, upana 7.5 au 8. Beba kalipa, hata ya plastiki ya wanafunzi inatosha, na upime mbele yake.

Siku ya kufunga, nati za kiwandani za Toyota zenye washa bapa hazifai kwenye rimu hizi za nje, zinataka za koni, nyuzi 12 kwa 1.5. Mwambie fundi akaze kwa mkono kwanza gari ikiwa juu ya jeki, kwa msalaba, ndo ashushe na kumalizia kwa spana ya kipimo cha nguvu, Nm 103. Akikataa hama gereji. Kisha nenda Tukuyu urudi, ukifika tu nyumbani acha zipoe uzikaze tena.