Injini mbadala ya Yamaha XT600: ipi ununue ukiwa Tanga

XT600 ya zamani ikifa injini, ushauri wa kwanza utakaoupata gereji yoyote ya Ngamiani ni huu: "Weka ya Kichina bosi, utembee." Shukuru, kisha usitoe hela kwanza. Hii pikipiki iliundwa kwa safari ndefu: silinda moja ya cc 595, valvu nne, inapoozwa na hewa. Anayeitunza mpaka leo anataka kutoka asubuhi, apite Segera na Chalinze, aingie Dar kabla jua halijazama, au apande Lushoto na mtu nyuma na mizigo pembeni. Kama mizunguko yako ni Chumbageni na Raskazone tu, uza hiyo XT ununue Boxer, utalala vizuri zaidi.

Mimi nazipanga injini kwa kigezo kimoja: inakuja na nini? Mara nyingi hela haiishii kwenye injini yenyewe. Inaishia kwenye CDI (kisanduku cha umeme kinachoiambia plagi iwake lini) isiyolingana, mipira ya oili isiyofika na kabureta iliyobaki kwa muuzaji.

Kabla ya yote, fungua uliyo nayo. Moshi na kukosa nguvu peke yake si sababu ya kununua injini. Silinda ina bushi ya chuma, inachongeka. Pistoni ya kiwandani ni milimita 95 na za ovasaizi zipo. Ununue pale kasha limepasuka, konrodi imetoka nje, au gia zimekwisha.

Nafasi ya kwanza naipa pikipiki nzima iliyogongwa, hata kama fremu imepinda. Unachotaka ni injini na vyote vilivyozoeana nayo: kabureta, CDI, koili, nyaya, tenki la oili, ekzosi. Bei itakushtua ukiilinganisha na injini tupu, lakini jumlisha vitu hivyo kimoja kimoja uone. Faida kubwa zaidi, kama bado inawaka, unaweza kuisikiliza. Ukoo huu unajulikana kwa gia ya tano kuchakaa, na kasoro hiyo huioni kwa macho mpaka upasue kasha lote. Ikiwa inatembea, ipeleke kwenye lami, weka ya tano, usikilize kama inavuma kuliko ya nne.

Ya pili ni injini tupu yenye msimbo sawa na wa injini yako. Herufi na tarakimu tatu za mwanzo kwenye namba ya injini ndizo zinazosema ukweli, muuzaji hasemi yote. 34L ni ya XT600 Ténéré ya 1983, inawashwa kwa kiki. 3TB ni ya XT600E iliyoanza 1990, hiyo ni stata tu. Ukiiweka 3TB kwenye fremu ya 34L, jiandae kununua rilei ya stata, betri kubwa zaidi na CDI yake. Tena injini hizi hazihifadhi oili chini kama nyingine. Baadhi ya modeli zina tenki la pembeni, nyingine oili inakaa ndani ya fremu, kwa hiyo pima mipira kabla hujalipa.

Ukiwa dukani, usikubali kuoneshwa injini iliyopakwa rangi ya fedha na kuambiwa "haina shida." Toa plagi, shika nati ya krenki kwa spana, zungusha polepole, isikwame wala isikwaruze. Pitisha gia zote tano huku mwenzako akizungusha gia ya mnyororo. Fungua nati ya kumwagia oili, sugua oili kati ya vidole, kisha pitisha sumaku. Unga laini sana unavumilika, vipande vinavyong'aa havivumiliki. Angalia vichwa vya bolti: vikiwa vimeliwa na spana, kuna fundi alishapita humo. Kwa injini iliyokaa pwani, chungulia katikati ya mapezi, zile mbavu za kupoozea silinda. Unga mweupe maana yake chumvi imeanza kula alumini, na bolti za ekzosi huenda zikakatikia ndani. Namba ikiwa imepigwa tupa, ondoka, hata kama bei ni ya kutupa.

Ya tatu ni injini ya XTZ660. Mafundi wengine hudhani ni ndugu wa moja kwa moja kwa sababu ya jina. Ile inapoozwa kwa maji na ina valvu tano, kwa hiyo utahitaji rejeta na mahali pa kuifunga. Kazi inawezekana, lakini kwa mwenye mashine ya kuchonga na subira.

Ya mwisho ni ya Kichina ya cc 200. Inapatikana kila mahali na spea zake pia. Lakini utakata vishikio vya fremu na kuchomelea vipya, mnyororo lazima unyooke upya, na mlima wa Mombo kwenda Lushoto utaupanda kwa gia ya pili huku malori yakikupigia honi.

Ukinunua Mombasa na kuvukia Horohoro, risiti iandikwe namba ya injini na mzigo uutangaze forodhani. Namba hiyo utaihitaji tena TRA, maana kadi ya pikipiki inabeba namba ya injini pamoja na ya chesi, na trafiki akizilinganisha zikakataa kufanana, wewe ndiye mtuhumiwa.

Injini ikishafungwa, jaza oili, legeza kidogo bolti ya njia ya oili iliyo kwenye kichwa cha silinda, washa, iache kwenye sailensa, yaani ingurume polepole bila kuongeza mafuta. Oili ikichungulia pale, kaza. Dakika moja ikipita bila kitu, zima na utafute pampu ina nini.